Ooty kwa gari ya kukodi: dereva nampa tano, wakala wetu wa hapa Dom nampa mbili na hizo mbili ni za huruma

Nimeulizwa kuhusu hii safari yetu ya Ooty, India, na watu kama kumi hivi pale Nyerere Square na kwenye status, sa naandika mara moja niache kurudia. Januari tulienda India mimi, mama na shangazi kwenye mahafali ya mdogo wangu aliyekuwa anasoma Bengaluru, tukasema nauli tushaitoa, hatuwezi kurudi Dodoma tumeona ukumbi wa chuo na mall tu. Mdogo wangu ndo akaleta habari za Ooty, mji wa milimani uliopo Tamil Nadu kwenye milima ya Nilgiri, kama mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, yaani chukua Dodoma yetu hii halafu ibebeshe Dodoma nyingine mgongoni ndo unafika Ooty. Wazungu wa enzi za ukoloni walikuwa wanakimbilia huko joto la bondeni likiwashinda. Mimi wa Ipagala ninaekula vumbi miezi saba kwa mwaka nikaona hapa hapa.

Kosa letu tulilifanya kabla hata ya kupanda ndege. Kuna wakala mmoja hapa mjini, jina la ofisi silitaji sina ugomvi nae, tulimpa kazi yote ya zile siku tatu, gari, dereva, vyumba viwili siku mbili, vibali, "kila kitu ndani mama, nyie ni kukaa na kuangalia dirishani." Milioni moja laki tatu na nusu. Tukalipa.

Nianze na hesabu maana ndo inayoniuma. Gari za kukodi kule za kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine hazilipiwi kama hapa kwetu unapomwambia mtu nipeleke Iringa shilingi ngapi. Wanahesabu kwa kilometa, ila kuna kiwango cha chini kwa siku, ya kwetu ilikuwa kilometa 300 kila siku mtembee msitembee, na kilometa zinaanza kuhesabiwa gari ikitoka gereji kwao mpaka irudi gereji. Juu yake kuna hela ya dereva ya kula na kulala, wanaiita bata, kila siku (shangazi akasikia bata akauliza wa kuchinja au wa kufuga), halafu ushuru wa barabara, paking na kibali cha gari kuvuka kutoka jimbo la Karnataka kuingia Tamil Nadu. Gari yetu, Toyota Innova, ilikuwa rupia 20 kwa kilometa. Mara 900 ni elfu 18, bata 500 kwa siku tatu, weka na mengine ikafika rupia elfu 22 kasoro kidogo, kwa shilingi kama 30 kila rupia ni laki sita na nusu hivi. Vyumba bei niliiona pale mapokezi, vyote kwa siku mbili laki nne na ishirini. Kwa hiyo wakala alibaki na zaidi ya laki mbili na nusu, na sina shida na mtu kula jasho lake, ila jasho lenyewe lilikuwa ni kutupangia ratiba na ratiba ndo ilituua.

Ratiba ilikuwa karatasi moja nzuri imepigwa muhuri. Siku ya kwanza, Ijumaa: Bengaluru, Mysuru, "kuona Jumba la Mfalme likiwaka taa usiku", kulala Ooty. Ukiangalia ramani ni kama kilometa 280 tu, mtu wa Dodoma anaona hiyo ni kama kwenda Moro na chenji, masaa manne matano umefika. Na kipande cha kwanza ndivo kilivyokuwa, Bengaluru mpaka Mysuru kuna ile barabara mpya ya 2023, kama kilometa 118, bajaji na pikipiki haziruhusiwi kuingia kwenye njia kuu, nikacheka peke yangu maana hizo TVS zinazotupigia honi masikioni pale Majengo, moja ya viwanda vyake iko hapohapo Mysuru, wao wenyewe wamezitoa barabarani sisi tunazikopa kwa mkataba.

Dereva tulimkuta ana miaka hamsini hivi, Kiingereza cha kuokoteza kama changu, mdogo wangu akamwita "Anna" nikashtuka, kumbe kwao anna ni kaka mkubwa. Mama akamsalimia "mbukwa!" na yeye akaitikia kwa kichwa kama anaielewa, kuanzia hapo wakawa marafiki. Saa nane mchana tuko Mysuru akaiangalia ile karatasi ya wakala, akaikunja, akatuambia kwa upole kwamba leo sio siku ya taa. Taa za jumba zima zinawashwa Jumapili jioni na siku za sikukuu, siku za kawaida kuna onyesho lao la tiketi tu. Akasema twendeni sasa hivi. Sisi nani atamwamini dereva aache karatasi yenye muhuri? Tukakaa. Jumba lenyewe la mwaka 1912 ni zuri hata mchana, sibishi, ila tulikaa mpaka giza, saa moja jioni mlinzi akatuambia "Sunday."

Sasa kilichofuata ndo sababu ya mimi kuandika. Kutoka Mysuru kwenda Ooty unapita katikati ya hifadhi ya Bandipur, na ile barabara inafungwa saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kila siku tangu 2009, ili wanyama wapumzike na wasigongwe. Sio Mikumi ambako unapunguza spidi na unapita, pale geti linashushwa. Dereva alikuwa anakimbiza lakini ukitoka Mysuru saa moja na nusu, ukakutana na foleni Nanjangud, ukakutana na matuta, huwezi. Tulifika saa tatu na dakika kumi. Kizuizi kimeshuka, askari ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki anakunywa chai, hata hakusimama. Mama akashuka akajaribu kuongea nae kwa Kiswahili na kidogo Kigogo, "mwanangu sisi tumetoka mbali", yule askari akamsikiliza kwa heshima zote, akampa biskuti, geti halikufunguliwa.

Chumba cha Ooty kimelipiwa kinalala chenyewe, sisi tukarudi mji wa nyuma, Gundlupet, tukatafuta gesti, rupia 1,800, godoro gumu kama benchi la stendi ya Nane Nane. Nampigia wakala simu, hapokei. Baadae akatuma ujumbe "poleni sana changamoto za safari." Changamoto! Geti lina miaka zaidi ya kumi linafungwa saa ileile.

Ila niseme ukweli, asubuhi yake nisingeibadilisha na kitu. Saa kumi na moja na nusu Anna ametuamsha, tuko kwenye foleni ya malori na mabasi, ukungu umelala chini hauoni tairi la gari ya mbele. Saa kumi na mbili kizuizi kikapanda, injini zote zikawaka kwa pamoja. Huruhusiwi kusimama mle wala kushuka, na matuta ni mengi kiasi kwamba unatembea kama harusi, kwa hiyo unaona. Swala wenye madoa meupe wamejaa pembeni kama mbuzi wa Chamwino, nyani wa mikia mirefu na sura nyeusi, na tembo mmoja jike na mtoto wako kama hatua thelathini, masikio madogo sio kama ya hawa wetu wa Ruaha, anang'oa majani anayapiga kwenye goti kutoa udongo ndo anakula. Shangazi ambae alikuwa amenuna tangu geti akasema kwa sauti ndogo "anaosha mboga." Hiyo ndo picha niliyorudi nayo, na sikuipiga.

Ukivuka kuingia Tamil Nadu hifadhi inakuwa Mudumalai, na pale mpakani mambo mawili ambayo wakala "kila kitu ndani" hakuyajua. La kwanza kibali cha gari cha kielektroniki, e-pasi, mahakama kuu ya Madras iliagiza na imeanza Mei 2024, kila gari ya nje inayopanda Ooty lazima iwe nayo, na mwaka 2025 mahakama ikaweka na kikomo kwa miezi ya msimu, Aprili mpaka Juni, magari 6,000 siku za kazi na 8,000 wikiendi. Haina gharama, ni kujaza tu kwenye simu, Anna alikuwa ameshajaza usiku pale gesti huku sisi tunalalamika. La pili chupa za maji. Wilaya ile ya Nilgiri imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, sisi tulikuwa na katoni ya maji kwenye buti tumenunua Bengaluru, ikabaki pale kwenye ukaguzi yote. Hapa sina pa kulalamika, na sisi wageni wakitua na mifuko ya rambo tangu Juni 2019 tunawavua.

Pale Theppakadu njia zinagawanyika. Ukienda Gudalur ni ndefu lakini pana, ukienda Masinagudi ni fupi sana ila unapanda Kalhatty, kona 36 za kujikunja, kila moja ina kibao chenye namba yake. Anna akauliza nani ana kichefuchefu, tukajibu hamna, tukadanganya. Jamani mimi nimepita Kitonga, nimepita Nyang'oro zaidi ya mara ishirini kwenda Iringa kwa Mtera, hii ni kitu kingine. Gari inaingia kwenye kona gia ya kwanza, pua inaangalia juu kama ndege, unaona bonde upande wako, sekunde mbili mbele bonde liko upande wa shangazi. Anapiga honi kabla ya kila kona, anaeshuka anasimama kumpisha anaepanda, ndo sheria ya milimani kule na wanaifuata. Hakuna mbwembwe, hakushika simu hata mara moja, mkono mmoja kwenye gia muda wote kama anamshika mgonjwa. Mama yangu Mgogo halisi, akawa anahesabu kona kama anahesabu ng'ombe wakiingia zizini na mpaka leo anasisitiza ni 35, anasema moja wamezidisha kwenye vibao. Namba kama ishirini hivi masikio yakaziba, hewa ikabadilika, dirisha likaanza kutoa baridi, na miti ya mikaratusi ikaanza kunukia mpaka ndani ya gari.

Ooty yenyewe sitakaa sana, mtaona. Bustani ya mimea ya 1848 ni nzuri, ziwa la kutengenezwa lina boti na kelele nyingi, Doddabetta mita 2,637 tulifika ukungu ukatuzibia kila kitu tukapiga picha na ukungu. Mji una msongamano kuliko nilivyofikiria. Chai ndo usikose, mashamba yamepandwa mpaka kwenye mteremko ambao mbuzi angeteleza, na nunua varki, vile vibiskuti vya kumumunyuka, na chokoleti za pale pale. Baridi ya Januari msiichukulie poa, asubuhi majani yalikuwa na barafu nyeupe, hoteli haina hita wala nini, shangazi alivaa vitenge vitatu na koti langu. Wakala alituambia "bebeni sweta jepesi."

Treni nayo. Kuna kile kitreni cha milimani kutoka Mettupalayam, kilometa 46, kilifika Ooty 1908 wakati reli yetu ya kati bado haijagusa Dodoma, kinapanda kwa reli ya meno katikati na kipande cha chini mpaka Coonoor bado ni kichwa cha moshi, UNESCO wamekiweka kwenye urithi wa dunia 2005. Kwenye karatasi ya wakala kimeandikwa "treni Ooty–Coonoor, tiketi mtanunua hapo hapo." Hapo hapo wapi, watu wameshakata mapema zimeisha. Anna akatupeleka Coonoor kwa barabara, akapaki sehemu anayoijua yeye, tukasimama tukakiona kinapita, watoto wanapunga mikono dirishani. Mama akasema hata SGR hawapungi hivo.

Kurudi tulipita Gudalur maana ile ya kona 36 Anna alisema magari ya wageni yanapanda tu, kushuka hawaruhusu, breki za watu wasioizoea zilishaua. Akashuka kwa gia, breki hazikunuka hata kidogo. Bandipur tukapita saa nane mchana, nikaangalia lile geti nikasonya. Na ile ilikuwa Jumapili! Saa moja kamili jioni tukasimama Mysuru, taa zikawaka zote mara moja, watu wote uwanjani "aaaah", na mimi nikasema aaaah na hasira zangu.

Jumla tulitembea kilometa kama 680 na tumelipia 900, kwa hiyo anaetaka kwenda ajue zile 220 ni zake, apange hata kulala Mysuru siku ya kwanza. Lala Mysuru, ingia Bandipur alfajiri, upande mchana. Ni hivo tu, ukiwa na ratiba hiyo hulipii kulala mara mbili.

Nimerudi nikaenda ofisini kwa wakala na risiti ya gesti ya Gundlupet. Akaniambia "lakini si mlifika?" Tukaongea nusu saa, akatuma elfu hamsini kwenye simu, ya kutolea hakuweka. Namba ya simu ya hao wenye gari, walioiomba nimewapa, ukipiga uliza dereva anaejua Kalhatty, na mke wangu ameshaelewa kwamba "Anna Ooty" kwenye simu yangu ni mzee wa masharubu.