Mvinyo mkavu wa Dodoma: uzoefu wangu, na swali ninalouliza kabla ya kulipa

Ukiingia duka la vinywaji hapa Dodoma ukasema unataka mvinyo wa hapahapa, muuzaji atakuuliza kitu kimoja tu: mtamu au mkavu? Wengi hujibu mtamu, wanafungiwa chupa kwenye gazeti, habari imeisha. Mimi naandika kwa ajili ya wanaojibu mkavu, yaani mvinyo usiobaki na sukari, na wale waliojaribu mara moja, wakakunja uso, wakaapa kutorudia.

Nimehamia hapa wizara yetu ilipotoka Dar es Salaam, na mvinyo unaowekwa mezani kwangu ni wa Dodoma karibu wakati wote. Msimamo wangu niuseme mapema. Mwekundu mkavu wa aina ya zabibu iitwayo Makutupora ni mvinyo mzuri kwa bei yake. Mweupe wa aina nyingine ya zabibu, Chenin Blanc, ni wa kubahatisha: ukipata mzuri utafurahi sana, ukipata mbovu utaupikia. Na kinachotenganisha mzuri na mbovu, kwa ninavyoonja mimi, ni msimu ambao zabibu zilichumwa kuliko jina la kiwanda. Lebo nyingi nilizosoma haziutaji msimu huo.

Ili nieleweke, lazima nieleze mji wenyewe ulivyo. Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya mvinyo unaousikia duniani, wa Ufaransa, Italia, Afrika Kusini, unatoka mbali na ikweta, kwenye nchi zenye kipupwe cha kweli. Huko mzabibu hupukutisha majani, hulala, huamka, huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa haulali. Kinachouambia uanze kuzaa ni mkasi wa mkulima: akishapogolea, machipukizi yanatoka, maua yanakuja, na baada ya miezi minne hivi anaingia shambani na ndoo. Ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na wageni wanaojua mvinyo hushangaa wakiambiwa.

Lakini mavuno mawili si mapacha. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Zabibu zinazoiva katikati ya mvua, Februari na Machi, zinakunywa maji mpaka zinavimba. Sukari inazimuliwa, ganda linapasuka, ubwiri, ugonjwa wa ukungu, unaingia, mkulima anapulizia dawa na bado analala akiwaza mawingu. Akiona vichala vimeanza kuoza anavuna haraka hata kama havijaiva sawasawa, na huwezi kumlaumu. Zabibu za kiangazi, zile za Agosti na Septemba, zimekua kwenye hewa kavu, upepo unavuma kutwa na kukausha majani, na usiku wa Juni na Julai halijoto inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Aliyewahi kusubiri daladala alfajiri ya Julai hapa mjini bila sweta anajua ninachosema.

Huo ubaridi wa usiku ndio unaoubeba mvinyo wa Dodoma. Joto la mchana linajaza sukari kwenye punje, lakini joto hilohilo linaunguza uchachu wake, na mvinyo usio na uchachu unakuwa mzito na mlegevu mdomoni. Usiku ukipoa, mzabibu hautumii asidi kwa kasi ileile, kwa hiyo asubuhi bado ipo. Mwinuko ndio unaotuokoa. Shamba kama hili lingekuwa pwani, kwenye usiku wa joto na unyevu, sidhani kama tungekuwa na cha kuandika.

Nenda shambani ujionee. Nilipelekwa upande wa Mpunguzi na rafiki ambaye mama yake mkubwa ana mizabibu huko. Nikajitutumua na Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi," mama akacheka, akaitikia, kisha akageukia Kiswahili ili asinitese. Nikampa shikamoo yake. Udongo pale ni kichanga chekundu, ukiufinyanga kiganjani hauungani, unamwagika. Karibu na mzabibu mama alifukua kidogo kwa jembe akanionyesha mtaro uliojazwa samadi ya ng'ombe tangu siku ya kupanda.

"Mchanga huu peke yake hauna chakula, mwanangu," aliniambia. "Samadi ndiyo inaushikia maji. Na mchwa nao wanaifuata samadi, basi ni vita."

Kisha akachuma punje moja, akaitafuna taratibu, akatema mbegu kiganjani akanisogezea. Ilikuwa ya kahawia, kavu, inakatika kwa jino. Akachuma nyingine kutoka kichala cha upande wa kivulini. Mbegu yake bado ya kijani. "Hii ukiipeleka kiwandani utaambiwa sukari haijafika. Ya kwanza imefika. Hawahitaji kunipimia." Wenye viwanda wana kipimo cha sukari cha kutazamia kwa jicho, na ndicho kinachoamua bei. Mama anatumia meno.

Mchanga huo unafanya kazi nyingine ambayo haionekani. Maji hayatuami, mizizi inalazimika kushuka chini kuyafuata, na mzabibu wenye kiu kidogo hautoi majani mengi ya kujivunia bali punje ndogo zenye ganda nene na juisi kidogo. Rangi iko kwenye ganda, na ukakasi mwingi pia. Mizabibu niliyoiona ikiwa imepandwa chini zaidi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ilikuwa na majani ya kupendeza sana na vichala vikubwa, na mwenyeji wetu akasema hizo ni za kula, si za kukamua. Kweli, zile zabibu zinazouzwa kwenye vifuko stendi ukisubiri basi ni tamu na zimejaa maji. Nazipenda, ila si hizo ninazotaka ndani ya chupa.

Sasa niende kwenye glasi.

Makutupora mwekundu, mkavu, wa zabibu za kiangazi: rangi ya zambarau iliyoiva, nzito mpaka inaacha alama pembeni mwa glasi. Harufu yake ni ya tunda lililoiva sana, na nyuma yake kuna kitu kikavu, kama cha majani ya chai. Ukimeza unapata joto la kilevi kifuani na ukakasi unaokamata fizi kama bibo. Huo ukakasi ndio uliowafukuza wengi mara ya kwanza. Mimi nasema ule nao kitu. Kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta yake, ukakasi unasafisha mdomo na kila kipande kinakuwa cha kwanza. Kwa samaki sikushauri kabisa.

Na usiunywe wa moto. Vitabu vinasema mwekundu unywewe kwa halijoto ya chumba, lakini chumba walichokuwa wakikifikiria kiko Ulaya, si Nkuhungu saa tisa mchana mwezi wa kumi. Kwenye nyuzi 29 kilevi kinapanda puani na tunda lote linapotea. Weka kwenye friji nusu saa, toa, mimina. Nadhani nusu ya lawama zinazotupiwa mvinyo mkavu wa Dodoma zingeisha kwa hilo tu.

Mweupe ni habari nyingine. Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, ambako hewa ni baridi na zabibu hiyo inajulikana kwa uchachu mkali. Imepandwa kwa wingi Afrika Kusini pia. Hapa, chini ya jua letu, uchachu ndio kitu cha kwanza kuondoka. Chenin iliyochumwa mapema kidogo na kufika kiwandani ingali na ubaridi wa asubuhi inatoa mvinyo wa harufu ya pera na ganda la limau, mwepesi, wa kunywa kwa kuku wa kienyeji au hata kwa ugali wa mtama na mlenda. Mtanicheka kwa mlenda. Jaribuni kwanza. Ile iliyochelewa inakuwa kama juisi iliyosahauliwa: ina kilevi, ina rangi ya dhahabu, haina uhai.

Na kuchelewa huku hakuletwi na jua peke yake. Wakulima wengi ni wadogo, wanategemea mnunuzi aje na gari, na gari lisipokuja zabibu zinabaki mtini zikizidi kuiva au zinakaa kwenye kreti juani. Wengine wameamua kukamua wenyewe na kuhifadhi, kisha wanauza kwa wenye viwanda kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu. Wazo zuri, linamwokoa mkulima asilie na vichala vinavyooza. Lakini mchuzi uliokaa kwenye tangi la plastiki katika joto la Oktoba una historia yake, na historia hiyo inaingia kwenye chupa. Nimewahi kufungua mweupe mmoja, kiwanda sikitaji, ukawa na harufu ya siki kabla sijaumimina. Dukani walinibadilishia bila maneno, wakanipa chupa nyingine ya kundi hilohilo, nayo ikawa vilevile.

Kuna watu hapa mjini wanaokuapia kwamba wanaonja chumvi kwenye mvinyo wa Dodoma, kwa kuwa maji yetu ya visima yana chumvichumvi. Birika langu la chai ni shahidi wa hayo maji, lakini kwenye mvinyo mimi sijaionja. Chumvi ikizidi shambani, majani yanaungua pembeni na mavuno yanapungua; mkulima anaiona muda mrefu kabla ya mnywaji. Nadhani wanaoionja walikuwa wanakula karanga.

Mvinyo mtamu siudharau. Mizabibu ya hapa ililetwa na wamisionari Wakatoliki katikati ya karne iliyopita, na Bihawana ndipo panapotajwa sana kila historia hiyo inaposimuliwa. Haja yao ya kwanza ilikuwa divai ya misa, kwa hiyo utamu una mizizi yake. Ninachosema ni kwamba sukari inafunika. Ukinywa mtamu huwezi kujua kama zabibu ilinyeshewa au ilipigwa na upepo wa Julai. Ukinywa mkavu hakuna pa kujificha. Ukipata nafasi, tafuta pia mvinyo wa Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji, ambako walipanda aina za Kiitalia kama Teroldego na Marzemino zilizozoea mabonde ya chini ya milima ya Alps. Jua la hapa limezinenepesha, ila zimebaki na uchachu kuliko Makutupora, na ukiziweka glasi kwa glasi unaona kipi ni cha zabibu na kipi ni cha Dodoma: ile joto ya kilevi na tunda lililoiva kupita kiasi viko kwenye zote.

Kwa anayetaka kununua: chupa nyingi za mkavu nazipata kati ya shilingi 10,000 na 20,000. Hakikisha lebo imeandika zabibu, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna mvinyo wa choya, mwekundu vilevile, mzuri kwa namna yake, lakini si huu. Kama aina ya zabibu imetajwa, ni dalili nzuri. Kilicho bora ni kwenda kununua kwenye mlango wa kiwanda, hasa vile vidogo, umuulize mtengenezaji: hizi ni za mvua au za kiangazi? Aliye makini anajibu bila kufikiri, na mara nyingi anakuongezea hadithi ya shamba zilikotoka. Anayekujibu "zabibu ni zabibu, kaka" nami namshukuru, namuaga. Waliopewa umwagiliaji wa matone, kama wakulima wa Chinangali kule Chamwino, wana nafasi ya kupanga siku ya kupogolea ili mavuno yaangukie kwenye ukavu, na ningependa siku moja kuona "mavuno ya kiangazi" yameandikwa kwenye lebo kwa herufi kubwa kuliko picha ya kichala.

Usinunue kwa ajili ya kuweka miaka. Mwekundu huu ni wa kunywa mapema, na nyumba zetu za bati hazina pishi. Mweupe ukishaufungua umalize ndani ya siku mbili. Mtaa wenu ukiwa na tabia ya kukatikiwa umeme, fanya siku moja.