TAHADHARI: Muuza "dawa ya kutu" wa mnadani Msalato

Ndugu zangu mnaotunza mashine za zamani, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mnadani Msalato, hapa Dodoma, upande wa wauza vyuma chakavu na spea za pikipiki, kuna kijana anayeuza kimiminika cha kijani katika madumu ya lita 5 kwa shilingi 35,000, akikiita dawa ya kutoa kutu isiyoumiza chuma. Hiyo si dawa, bali ni tindikali iliyotiwa rangi, nayo imeniharibia kabureta ya trekta la Mzee.

Sikumwendea mimi. Yeye ndiye aliyeniona nikiigeuzageuza kabureta niliyokuwa nimeifunga katika gunia, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu," akanisogezea kigoda na kukipangusa vumbi kwa kiganja chake, ndipo akauliza kama ile si Marvel-Schebler, kabureta za Kimarekani za zamani. Nataka mlipime jambo hili kabla ya kunicheka. Kabureta ile nimeizungusha kwa mafundi kuanzia Kizota hadi Majengo, na wengi wao waliniuliza kama ni ya jenereta. Leo kijana wa mnadani anaitaja kwa jina, na tena anaongeza kwamba hizi zilitengenezwa kwa chuma kizito cha kumiminwa, si aluminiamu kama za siku hizi, na kwamba zilifungwa kwenye matrekta ya petroli ya Marekani. Kwamba jina hilo limeandikwa ubavuni mwa kabureta yenyewe ni jambo ambalo lingeweza kunijia akilini, lakini nani angelifikiria wakati huo?

Kisha akaniambia kuwa babu yake alikuwa karakana ya Kongwa enzi za Mpango wa Karanga. Hapo alinimaliza. Mpango ule wa mashamba makubwa ya karanga Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuufuta mwaka 1951, mashine zikabaki zimetapakaa, na sisi tuliozaliwa Kongwa tumekua tukisikia majina ya matrekta yale kabla ya kujua majina ya wilaya za jirani. Mtu akikutajia karakana ile, unamwona ni wa nyumbani. Aliulizia hata mtaa wetu, nikamjibu, naye akaitikia kwa kutikisa kichwa kana kwamba anaukumbuka.

Lililonifunga kabisa ni jaribio lake. Alikata chupa ya maji nusu, akamimina ile dawa, akachukua nati kubwa iliyokuwa ya rangi ya machungwa pande zote, akaniachia niishike. Unga wa kutu ukabaki vidoleni mwangu. Aliidumbukiza, akaifunika chupa kwa kitambaa, akaendelea kunieleza habari za babu yake huku akiwahudumia vijana wawili waliokuja kununua, ambao leo naamini walikuwa wenzake. Alipofunua, alinasa nati kwa koleo, akaizungusha ndani ya kitambaa chake kile kile, akaniwekea kiganjani. Iling'aa kama shilingi mpya. Nilikagua hata nyuzi za ndani, zikawa safi. Akanionya kwa sauti ya mtaalamu: "Mzee, kitu chochote cha aluminiamu usiweke humu, kitaliwa. Lakini chuma, weka ulale." Mtu anayekutahadharisha hivyo utamshuku vipi? Nililipa kwa simu pale pale.

Nyumbani nilifuata maelekezo yake neno kwa neno. Nilitoa floti, lile boya la ndani, nikaacha jeti, vile vijipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, mahali pake kwa sababu alisema si lazima kuzifungua, na sindano ya floti pamoja na skrubu za shaba ya njano nikaziweka katika beseni hilo hilo. Mara mapovu yakaanza kupanda mfululizo, na harufu kali ikapanda puani hata mama watoto akafungua madirisha yote. Nilimpigia simu. Akacheka kwa upole, akasema hiyo ni kutu inapumua, niiache hadi asubuhi. Kutu inapumua! Sentensi hiyo bado inanikera usiku.

Asubuhi kabureta ilikuwa ya kijivu, safi, na kwa muda mfupi nilifurahi. Niliisuuza kwa maji, nikaianika. Kesho yake ilikuwa imevaa kutu mpya ya machungwa mwili mzima, laini kama poda, na huu ni mwezi wa kiangazi, hapa kwetu ambapo jembe hulala nje kwa miezi bila kubadilika rangi. Uso wa kukalia gasketi, ambao ulikuwa bapa, ulikuwa na vijishimo ukivipapasa kwa ukucha. Sindano na skrubu za shaba zilikuwa zimegeuka waridi. Jeti kuu ilitoka kwa vidole bila bisibisi, kwa kuwa nyuzi za chuma zilizokuwa zikiishika zilikuwa zimeliwa.

Fundi ninayemwamini alinieleza yote, na ningependa maelezo yake yawafikie wengine. Tindikali ya chumvi, ile inayouzwa kwa kusafishia vyoo na vigae, huyeyusha kutu kweli, lakini haijui kusimama: ikimaliza kutu inaanza kula chuma kizima, na mapovu yale ni gesi ya haidrojeni inayotoka chuma kinapoliwa. Chuma kikiwa kimegusana na shaba ndani ya tindikali, viwili hivyo hufanya kazi ya betri, na chuma ndicho kinachoisha haraka zaidi pale vinapokutana. Ndiyo sababu nyuzi za jeti zilikwenda kwanza. Chuma cha kumiminwa kina vinyweleo vinavyoficha tindikali, kwa hiyo kusuuza kwa maji matupu hakutoshi, ni lazima kilowekwe katika maji ya magadi ili makali yauawe, kikaushwe kwa joto na kupakwa oili papo hapo. Muuzaji hakuyasema hayo hata kwa bahati mbaya.

Na ile nati? Fundi alichukua nati mpya, akailoweka usiku katika maji ya chumvi, asubuhi ikawa ya machungwa; akaisugua kwa ndimu na kitambaa chenye oili, ikang'aa mbele yangu. Kutu ya siku moja hutoka kwa chochote. Kutu ya miaka sabini ni tabaka gumu, jeusi kwa chini, na halitoki wakati mtu anasimulia habari za babu yake.

Alinionyesha pia anavyofanya yeye: hufungua kila kipande cha shaba, huloweka chuma katika maji ya magadi, hufunga upande hasi wa chaja ya betri kwenye kipande chenyewe na upande chanya kwenye chuma chakavu, kisha huacha umeme uifanye kazi. Njia hiyo haili chuma kizima. Hufanyika nje, kwa sababu hapo pia hutoka haidrojeni, nayo hulipuka ikikutana na moto, na kile chuma cha upande chanya kisiwe cha pua kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu. Asiye na chaja atumie siki au ukwaju, atasubiri zaidi.

Sasa, huyu kijana aachwe tu aendelee? Mimi nasema akamatwe. Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na kemikali za namna hiyo zina sheria yake tangu mwaka 2003, inayomtaka mfanyabiashara asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake iko hapa hapa Dodoma. Awekwe ndani, alipe kabureta, alipe jeti, alipe na nauli, na madumu yake yamwagwe hadharani wateja wote wakiangalia. Ningeshauri pia alazimishwe kuingiza kidole chake katika ile chupa huku akitueleza kutu inavyopumua, ila wanangu wamenikataza kuandika hivyo.

Dalili, kwa wanaoharakisha: dumu halina lebo wala alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilikuwa la mwanamke, naye alisema ni dada yake, na harufu ile inachoma pua. Zipo nyingine, nikitulia nitaziongeza.

Dumu lenye mabaki ninalo, kabureta ninayo, na ujumbe wa malipo haujafutwa. Jumamosi hii naanzia kituo cha polisi kabla ya kufika mnadani, na yeyote aliyenunua kwake aje na dumu lake tuandikishe maelezo pamoja.