Great Allegheny Passage: kuvuka milima kwa baiskeli mbali na magari

Waendesha baiskeli wengi wanapenda mabonde ya mito na vilima vyake, lakini wanachoshwa na yale yanayoambatana navyo: barabara nyembamba zenye kona kali, malori yanayopita karibu na kiwiko, na miinuko inayomlazimu mtu kushuka na kusukuma. Kwa watu wa namna hiyo, sijapata kuona huduma bora kuliko Great Allegheny Passage, njia ya kilomita 240 inayounganisha Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na Cumberland katika jimbo jirani la Maryland. Haina kiingilio wala kibali cha kuomba. Magari hayaruhusiwi, na ukiondoa njia panda chache na vipande vifupi ndani ya miji, mtu anaweza kusafiri tangu asubuhi hadi jioni bila kugeuza shingo kutazama kinachokuja nyuma yake.

Ubora huo umetokana na reli. Kwa sehemu kubwa njia imetandazwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa, hasa za kampuni za Pittsburgh and Lake Erie na Western Maryland. Treni ya mizigo haiwezi kuhimili mlima mkali, kwa hiyo wahandisi waliofungua reli ya Western Maryland mwaka 1912 hawakuwa na hiari: palipokuwa na mlima walitoboa handaki, palipokuwa na bonde walijenga daraja refu, na kwingineko waliufuata mto kona kwa kona. Treni zilipoacha kupita katika miaka ya 1970, kazi hiyo yote ilibaki imelala msituni. Kipande cha kwanza cha baiskeli kilifunguliwa karibu na kijiji cha Ohiopyle mwaka 1986, na cha mwisho, kile cha kuingia katikati ya Pittsburgh, kilikamilika mwaka 2013. Anayeendesha baiskeli hapo leo anafaidi hofu ya mhandisi wa reli, aliyeuogopa mwinuko kuliko sisi sote.

Matokeo yake yanahisiwa miguuni. Kilele cha njia kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari, kwenye kigongo kinachogawa maji ya mashariki mwa bara: mvua inayonyesha upande mmoja huishia Ghuba ya Meksiko kupitia mto Ohio na Mississippi, na ile ya upande wa pili huishia Atlantiki kupitia mto Potomac. Ukianzia Pittsburgh unapanda takriban mita 500 katika umbali wa kilomita 200, jambo linaloufanya mwinuko usionekane kabisa. Utaugundua tu kwa kuona maji ya mto yakija kukulaki. Ukianzia Cumberland unakutana na kazi halisi, kwa sababu kilele hicho hicho kiko kilomita 38 tu kutoka mjini. Hata hivyo mwinuko haufikii asilimia 2, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda hupandi hata mita 2. Kinachochosha ni kwamba hauna pumziko: hakuna tambarare wala kamteremko ka kupozea miguu mpaka ufike juu. Kwa mgeni nashauri kuanzia Pittsburgh bila kusita, kwa kuwa mandhari huzidi kuwa nzuri kadiri unavyosonga mbele, na mteremko wa mwisho unakuwa malipo ya safari nzima.

Mwanzo wa safari hauna mengi ya kusimulia. Ni mji, lami, maghala na mto Monongahela. Baada ya McKeesport njia inaingia katika bonde la mto Youghiogheny na kelele zinaanza kupungua, ingawa dalili za viwanda hazijaisha: hapa na pale vijito vyenye rangi ya kutu hutiririka kando ya njia, maji yanayotoka katika migodi ya kale ya makaa ya mawe. Sehemu hiyo ina historia yake, na sidharau wanaosimama kuisoma, ila haikunifanya nitamani kurudi.

Kilichonifanya nitamani kurudi ni kipande cha kutoka Connellsville hadi Confluence, kupitia Ohiopyle. Kwa kilomita 27 za mwanzo, kati ya Connellsville na Ohiopyle, hakuna kijiji wala duka; kuna msitu mkubwa juu yako, korongo la mto chini yako, na njia iliyokatwa katika ubavu wa mlima ikipinda taratibu kufuata maji. Matairi hutoa sauti ndogo, kavu na ya mfululizo juu ya kokoto laini, na ukiacha kukanyaga pedali unasikia mto ukigonga mawe, ndege akigota mti ng'ambo, na majani yakianguka. Watu wawili wanaweza kuendesha sambamba na kuzungumza kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo barabarani ni la hatari. Mtoto anayejua kuendesha vizuri, au mzee ambaye magoti yake hayaruhusu milima, anapita humo bila kumchelewesha mtu yeyote. Sijui huduma nyingine inayowapa watu wasio na nguvu za mashindano nafasi ya kuingia ndani kiasi hicho katika nchi yenye vilima vikali kama ile.

Ohiopyle penyewe pana maporomoko ya maji karibu kabisa na njia na madaraja marefu juu ya Youghiogheny, na panastahili mapumziko ya kutosha. Lakini utulivu niliousifu haupo hapo wikendi za kiangazi, kwa sababu mto ule ni maarufu kwa safari za mitumbwi ya mpira na kijiji hujaa wageni. Anayetafuta ukimya apange kupita katikati ya juma, au mwezi Oktoba majani yanapobadilika rangi.

Baada ya Confluence, mahali mto Casselman unapoungana na Youghiogheny, njia inaufuata Casselman na kuwa ya upweke zaidi. Karibu na Meyersdale linakuja daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 582, linalovuka bonde zima kwa mara moja. Mto, reli inayotumika hadi leo na barabara kuu vyote viko chini kabisa, na malori yanaonekana madogo yakipita kimya. Mbele ya kilele liko handaki la Big Savage, lenye urefu wa takriban kilomita 1. Lina taa, lakini hewa yake ni ya baridi hata siku ya joto, kiasi cha kukufanya usimame mlangoni na kuvaa koti. Ndani, matone yanaanguka kutoka darini na mwanga wa mwisho wa handaki unabaki mdogo kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Unapotoka upande wa kusini, milima ya Maryland inafunguka mbele yako yote kwa pamoja, na kuanzia hapo ni kuteremka hadi Cumberland.

Handaki hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla ya kupanga safari, kwani milango yake hufungwa majira ya baridi ili barafu isiharibu kuta, na barabara za kulizunguka ni zile zile zenye milima na magari ulizotaka kuziepuka.

Kasoro nyingine ni za kawaida, ila zinahitaji maandalizi. Uso wa njia ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Ukiwa mkavu ni uso mzuri sana, lakini mvua ikinyesha unga wake hupanda kwenye mnyororo na breki, na jioni gia zinalia. Madigadi kamili, kitambaa na chupa ndogo ya mafuta ni vitu vya lazima. Matairi yenye upana wa milimita 35 hadi 40 yanatosha. Baiskeli ya mbio yenye matairi membamba sitaishauri. Mtandao wa simu hupotea katika mabonde, na kati ya Confluence na Rockwood kuna takriban kilomita 29 bila mji, kwa hiyo beba maji, chakula, pampu na tyubu ya akiba. Nyumba za wageni katika vijiji vile ni chache na hujaa mapema. Ukikusudia kulala Frostburg, jua kwamba mji uko juu ya njia, na kipande kifupi cha kuufikia ni kikali kuliko chochote ulichopanda siku nzima.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa siku, safari nzima huchukua siku 4, na huo ndio mwendo ninaouona unafaa, kwa sababu anayeharakisha atapita Confluence bila kushuka. Kurudi si tatizo: treni ya Amtrak husimama Cumberland, Connellsville na Pittsburgh, ila nafasi ya baiskeli lazima iwekwe mapema. Wenye siku zaidi wanaweza kuendelea kutoka Cumberland hadi Washington kwa njia ya kando ya mfereji wa kale wa Chesapeake and Ohio, kilomita 297 nyingine zisizo na magari, zenye viwanja vya kupiga hema bila malipo. Njia hiyo ni tambarare zaidi, lakini uso wake ni duni kwa mbali, wenye mizizi na madimbwi ambayo mvua ikizidi huwa matope matupu. Matairi yaliyotosha kufika Cumberland yasiwe membamba kuliko milimita 40 kwa sehemu hiyo, na ratiba ya kila siku ipunguzwe.