Klampu mita iliyomkamata mla betri kwenye Noah yangu: uzoefu wangu

Kama umefunga amplifaya kwenye gari na tangu hapo betri inakuangusha asubuhi, usianze na duka la betri. Anza na klampu mita (mita yenye mdomo wa kubana waya) inayopima umeme wa DC, yaani ule wa betri, mpaka kwenye miliampia, sehemu ya elfu moja ya ampia, au mtafute fundi anayo. Mie natumia UNI-T UT210E, na kwa kazi hii ya kumsaka anayekula betri wakati gari imezimwa, naisifu bila kusita. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa Unguja nimeona watu wananunua betri ya pili na ya tatu kwa maradhi ambayo hayamo ndani ya betri, na jambo hilo linaniuma.

Gari yangu ni Noah, nabebea wageni. Uwanja wa ndege Kisauni, Mji Mkongwe, Nungwi, Paje, Kizimkazi, ndizo njia zangu. Mgeni wa ndege ya alfajiri hakungoji uende kuazima keble kwa jirani, na gari ya otomatiki huisukumi ikawaka. Muziki nao ni sehemu ya riziki, maana safari ya Nungwi ni ndefu na watu wakipanda wanataka kusikia kitu safi. Nikafungiwa amplifaya ya chaneli nne na sabufa, nyuma ya siti ya mwisho. Sauti, mashallah, sina la kusema. Ila gari ikilala kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili asubuhi, ukigeuza ufunguo stata inagonga ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, basi tena.

Muuza betri aliitazama akasema, "Hii imekwisha, chukua mpya." Aliyefunga muziki akasema muziki mkubwa unataka betri kubwa. Hakuna kati yao aliyepima umeme unaotoka kwenye betri gari ikiwa imelala. Lawama yangu iko hapo hapo: maneno yote mawili yanamtoa mteja pesa, na hakuna hata moja lililotokana na kipimo.

Betri yenyewe ina njia rahisi ya kuipima. Niliichaji ikajaa, nikaiacha itulie, mita ikasoma volti 12.6. Nikafungua terminali ya negativu kwa spana namba 10, gari ikalala hivyo hivyo. Asubuhi ikasoma 12.6 ile ile. Usiku uliofuata nikairudisha terminali, milango imefungwa, hakuna taa inayowaka. Asubuhi ikasoma 12.4. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hivi, ikibaki robo tatu husoma 12.4, nusu ni 12.2, na ikishuka mpaka 11.9 hesabu kuwa imekwisha. Injini ikiwaka nilipata 14.2, kwa hiyo alteneta ilikuwa inachaji kama inavyotakiwa. Betri nzima, chaji nzima. Kilichobaki ni kitu ndani ya gari kinachokunywa usiku kucha.

Kila gari ya siku hizi hunywa kidogo ikiwa imezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, alamu, kompyuta zake. Chini ya miliampia 50 ndicho kipimo ambacho mafundi wengi huona ni cha kawaida. Amplifaya iliyoachwa macho bila muziki, hata kama spika ziko kimya kabisa, inaweza kula nusu ampia, moja, hata zaidi, kutegemea ukubwa na aina yake. Zile za daraja AB kwa kawaida hula zaidi ya za daraja D zikiwa hazipigi kitu.

Sasa kwa nini klampu na si multimita ya kawaida? Multimita inafanya kazi hii, lakini lazima ufungue waya wa betri uiweke mita katikati, kwenye tundu la ampia 10, ili umeme wote upite ndani yake. Mtu akisahau akageuza ufunguo wa stata, fyuzi ya mita imekwenda. Lakini kuna ubaya mkubwa zaidi ya huo. Ukikata waya wa betri unaiamsha upya gari nzima, redio inapoteza kumbukumbu, na mara nyingine kile kilichokuwa kinakula kinazimika palepale na hakirudi mpaka uwashe gari tena. Unamfukuza mwizi kabla hujamwona. Klampu unaifungua mdomo, unaubana waya ndani yake, unasoma. Hakuna kilichokatwa.

Kazi tulifanya na fundi umeme mmoja wa Mwanakwerekwe, na huduma yake inastahili kuandikwa kama ninavyoiandika mita. Alitaja bei ya kupima peke yake, mbali na bei ya kutengeneza, kabla hajagusa gari. Boneti tuliliacha wazi tangu mwanzo. Kitasa cha mlango wa dereva akakifunga kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, gari ikadhani mlango umefungwa. Tukafunga kwa rimoti, ufunguo nikaupeleka mbali, na tukakaa nusu saa nzima. Fundi mwenye haraka hawezi kukaa hivyo. Kompyuta za gari huchelewa kulala, na ukipima dakika mbili baada ya kuzima utasoma namba kubwa isiyo na maana.

Kisha tukaweka mita kwenye ampia 2 za DC. Kwenye masafa hayo UT210E inaonesha mpaka miliampia moja. Akaisogeza karibu na waya wa betri, ikielekea vile vile atakavyoibana, akabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo akabana. Namba ikatulia: 1.31.

"Yakhe," akaniambia, "ampia moja na nukta tatu inakwenda wapi na ufunguo hauko hapa?"

Hakungoja jibu. Akaitoa klampu, akaisawazisha tena, akabana waya mwekundu mnene peke yake, ule unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya. 1.28. Nilisimama naitazama ile namba. Fyuzi hazijachomolewa, dashibodi haijaguswa, na karibu mzigo wote uko kwenye waya mmoja tunaoujua. Hesabu yake ni nyepesi: ampia 1.3 kwa saa 12 za usiku ni kama ampia-saa 16. Betri yangu ni ya ampia-saa 60, kwa hiyo kila usiku robo yake inakwenda. Kwa saa arobaini inakuwa 52, na hapo stata haina kitu cha kula. Betri kubwa zaidi ingechelewesha tu, na betri mpya ingeuliwa kama ya zamani, kwa sababu betri ya aina hii ikiishiwa kabisa mara kwa mara bamba zake hushika salfeti na haijazi tena kama zamani.

Tukainua kapeti ya nyuma. Amplifaya ilikuwa imelazwa kifudifudi, taa yake imetazama bati, ndiyo maana haikuonekana ikiwaka. Nikaweka kiganja kwenye mapezi yake ya kupozea: ya uvuguvugu, na gari ilikuwa kivulini tangu asubuhi bila muziki. Kama huna mita yoyote, fanya angalau hilo. Amka alfajiri, iguse amplifaya yako kabla hujafungua gari. Ikiwa na joto, haikulala.

Amplifaya ina sehemu tatu za umeme: ya pozitivu, ya negativu, na ndogo iliyoandikwa REM. Hiyo REM ndiyo inayoiambia amka au lala. Inatakiwa ipate volti 12 redio ikiwashwa tu, kwa kawaida kutoka waya wa redio wa buluu wenye mstari mweupe. Tulipopima pale ufunguo ukiwa nje tulikuta 12.4. Tukafuata waya mpaka nyuma ya redio. Aliyefunga alikuwa ameuunga na waya wa kumbukumbu, ambao una umeme saa zote. Kwenye redio nyingi za kununua waya huo ni wa manjano, na mwekundu ndio unaofuata ufunguo. Kwenye waya asilia za Toyota mara nyingi mambo ni mengine: wa saa zote ni buluu wenye mstari wa manjano, na wa ufunguo ni wa kijivu. Rangi peke yake haitoshi, pima kila waya ufunguo ukiwa ndani na ukiwa nje.

Dawa yake ilikuwa kuuhamisha waya huo mmoja kwenda kwenye buluu-nyeupe ya redio. Redio isiyo na waya huo unachukua umeme kwenye fyuzi inayofuata ufunguo; REM haihitaji umeme mwingi. Akaunga kwa risasi ya kulehemu na mpira unaonywea ukipashwa moto, si kwa kusokota na utepe, maana kwa joto letu gundi ya utepe huyeyuka na waya unabaki wazi. Akaniongezea jambo ambalo sikuliuliza: waya mwekundu mnene ulikuwa hauna fyuzi karibu na betri. Inatakiwa iwepo, isizidi nusu mita kutoka kwenye terminali, kwa sababu waya ule ukikwaruzika popote kwenye bati kabla ya fyuzi, gari inaungua. Hilo la fyuzi lilinitia hofu kuliko betri yenyewe. Wewe uliyefungiwa muziki, fungua boneti leo uangalie.

Baada ya nusu saa nyingine ya kungoja, mita ikasoma 0.03, yaani miliampia 30. Hiyo ndiyo Noah yangu inavyolala sasa.

Kuhusu mita yenyewe, nina mawili matatu ya kusema kwa anayetaka kununua. Kwanza, klampu nyingi zinazouzwa madukani ni za mafundi wa majumba, zinapima ampia za AC tu, umeme wa majumbani. Mdomo ni ule ule, umbo lile lile, lakini kwenye waya wa betri zitakuonesha sifuri hata kama gari inaungua. Tafuta penye herufi A pamoja na alama ya mstari ulionyooka wenye vijistari chini yake. Ukiona wimbi peke yake, irudishe. Pili, hakikisha ina masafa madogo ya ampia 2. Klampu ya DC inayoanzia ampia 40 au 400 ni nzuri kwa stata, lakini miliampia 30 haitaziona vizuri. Tatu, kifaa hiki kinahisi usumaku, hata ule wa dunia, kwa hiyo ukikigeuza upande mwingine namba inacheza, na joto pia huiyumbisha. Kila unapohama waya rudisha sifuri. Mdomo wake wa milimita 17 unatosha waya wa amplifaya, lakini fungu zima la nyaya nene pale kwenye betri huenda lisiingie, utabana mmoja mmoja na kujumlisha. Bei yake haikufika bei ya betri moja mpya.

Niliichukua mpaka Pemba, kwa shemeji yangu Chake Chake. Naye gari yake ilikuwa na muziki na ilikuwa haiwaki asubuhi, na mtaa mzima ulikuwa umeshahukumu amplifaya. Alikuwa ameshapata na mnunuzi wa kumuuzia. Tukafuata utaratibu ule ule. Waya wa betri ulisoma 0.44. Waya mwekundu wa amplifaya ulisoma 0.00, nikarudisha sifuri nikabana tena, bado sifuri. Nikahamia waya mnene wa nyuma ya alteneta, injini imezimwa na imepoa: 0.41. Diodi za alteneta kazi yake ni kuruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri bila kurudi. Moja ikivuja, betri inatapika umeme kurudi ndani ya alteneta usiku wote. Ukiigusa alteneta ya gari iliyolala unaweza kuikuta ina uvuguvugu, na yake ilikuwa nao.

Fundi wa Machomane akambadilishia bamba la diodi. Shemeji akampigia simu yule mnunuzi kumwambia amplifaya haiuzwi, na tulipobana tena waya wa betri mita ilisoma 0.03.