Uzoefu wangu na treni za umeme za Caltrain: waliofaidi zaidi ni abiria wa stesheni ndogo

Ndugu na marafiki wanaohamia eneo la Ghuba ya San Francisco huniuliza mara kwa mara kama mtu anaweza kuishi huku bila gari. Jibu langu hutegemea anakaa wapi, lakini kwa yeyote anayekaa kati ya San Francisco na San Jose jibu hilo limebadilika tangu mwaka 2024, na ndiyo sababu nimeona niandike uzoefu wangu wa kutumia Caltrain, yaani treni ya abiria ya kati ya miji hiyo miwili, kabla na baada ya kuwekewa umeme. Naishi San Mateo, karibu na stesheni ya Hayward Park, na kazi yangu iko San Francisco. Kwa hiyo ninayoyaeleza ni ya abiria wa kwenda kazini na kurudi, si ya mtalii aliyepanda mara moja akapiga picha.

Reli yenyewe ni kongwe. Treni zilianza kupita kati ya San Francisco na San Jose tangu mwaka 1864, na mahandaki manne ya kusini mwa San Francisco ambayo bado tunapita yalichimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Southern Pacific, iliyokuwa ikiendesha huduma hii, ilitaka kuachana na abiria katika miaka ya 1970 kwa sababu walikuwa wakiitia hasara. Jimbo la California likaanza kubeba gharama mwaka 1980, na mwaka 1991 bodi ya pamoja ya kaunti tatu, yaani San Francisco, San Mateo na Santa Clara, ikainunua njia hiyo. Uamuzi huo wa kununua njia ndio ulioufanya mradi wa miaka ya karibuni uwezekane, kwa kuwa wenye treni ndio wenye ardhi ya kusimika nguzo.

Na nguzo kweli wamesimika. Nyaya za kilovolti 25 zimetandazwa kwa takriban kilomita 82, kutoka San Francisco hadi stesheni ya Tamien iliyo kusini kidogo mwa katikati ya jiji la San Jose. Kuta na dari za mahandaki zikachongwa ili nyaya zipate nafasi, vituo vya kupozea umeme vikajengwa, na zikaagizwa treni 19, baadaye zikiongezwa nne, zote za mabehewa saba yenye ghorofa mbili, zilizoundwa na kampuni ya Stadler ya Uswisi katika kiwanda chake cha Salt Lake City. Ujenzi ulianza mwaka 2017, serikali ya shirikisho ikichangia dola milioni 647, na gharama yote ikafika takriban dola bilioni 2.44. Huduma kamili ya umeme ilianza tarehe 21 Septemba 2024. Msomaji wa Tanzania atatabasamu hapa, maana treni ya umeme ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro katikati ya Juni mwaka huohuo, na hadi Dodoma mwishoni mwa Julai. Bonde la Silicon, pamoja na utajiri wake wote, lilikuja nyuma.

Kwa aliyezoea treni za zamani, tofauti huanza masikioni. Kichwa cha dizeli kilikuwa kikinguruma hata kikiwa kimesimama, na ukisimama karibu nacho kwenye jukwaa usingeweza kuzungumza kwa simu. Treni ya sasa huingia stesheni kwa mvumo mwepesi, kisha kinachosikika ni milango. Lakini nikiri kwamba mabehewa ya zamani yaliyotengenezwa na Nippon Sharyo miaka ya 1980 nilikuwa nayapenda kwa jambo moja: ghorofa ya juu ilikuwa na safu ya kiti kimoja kimoja kila upande, na katikati pakaachwa wazi kabisa, hivyo kondakta aliyepita chini aliweza kunyoosha mkono na kukagua tiketi ya abiria wa juu bila kupanda ngazi. Mtu mpweke asiyetaka maongezi asubuhi alikuwa na kiti chake kule juu ambacho hakuna mwenye kukaa ubavuni mwake. Mabehewa hayo 90 na vichwa 19 vimeuzwa Lima, Peru, ambako vinatazamiwa kuanzisha huduma ya abiria.

Sasa nije kwenye mwendo, ambalo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Matangazo yalisisitiza kwamba treni ya haraka sasa hutoka San Francisco hadi San Jose chini ya saa moja. Ni kweli, lakini si jambo geni: treni za haraka zilizoanzishwa mwaka 2004 nazo zilikuwa zikikaribia muda huo, kwa kuwa zilisimama stesheni chache tu. Mabadiliko makubwa yako kwenye treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni. Zamani ilichukua takriban dakika 100 kumaliza safari nzima. Leo inachukua chini ya dakika 80. Sababu yake haihitaji uhandisi mwingi kuielewa. Treni ya dizeli ilikuwa na kichwa kimoja kinachovuta au kusukuma uzito wote, na kila baada ya kusimama kililazimika kujikusanya upya. Treni ya umeme ina mota zilizogawanywa chini ya mabehewa kadhaa, kwa hiyo huondoka kwa kasi mara tu milango inapofungwa. Kutoka stesheni ya San Mateo hadi Hayward Park ni takriban kilomita mbili, na kutoka Hayward Park hadi Hillsdale ni pungufu ya hizo. Katika umbali mfupi namna hiyo dizeli ilikuwa haijafikia mwendo wake wa kawaida kabla ya kuanza tena kufunga breki, na hali hiyo ilijirudia zaidi ya mara ishirini njiani.

Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Dodoma, akiwa amezoea treni ya SGR iitwayo mchongoko, hakupata cha kushangaa. Alikaa dirishani, akatazama nyumba zinavyopita, kisha akaniuliza, “Shemeji, mbona ya kwetu inakimbia kuliko hii?” Yuko sahihi kabisa. SGR ya Tanzania hufika kilomita 160 kwa saa, na hapa kikomo kwenye njia ni maili 79, yaani takriban kilomita 127, ingawa treni zenyewe zimeundwa kuweza kwenda kasi zaidi. Tofauti ni kwamba ile imejengwa kwa ajili ya mikoa na njia yake ni mpya, na hii hupita katikati ya miji iliyoshikana, tena njia ileile ya karne ya 19 ikiwa na makutano zaidi ya 40 ambapo magari na watembea kwa miguu bado huvuka juu ya reli. Makutano hayo ndiyo udhaifu mkubwa uliobaki. Karibu kila mahali treni inapoyakaribia ni lazima ipige honi kwa mujibu wa kanuni za shirikisho, hivyo ukimya wa umeme unaosifiwa hauwafikii wenye nyumba za jirani, na gari likikwama relini, ratiba ya njia nzima huvurugika kwa sababu sehemu kubwa ina reli mbili tu, moja kila upande. San Bruno na eneo la Hillsdale wamekwisha kuinua reli juu ya barabara. Miji mingine bado inatafuta fedha.

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu katika mradi wote huu, nisingechagua mwendo. Ningechagua ratiba. Stesheni yangu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopata treni moja kwa saa nyakati nyingi za siku, na mtu mwenye treni moja kwa saa haishi kwa uhuru; hupanga mkutano, chakula na hata mazungumzo kwa kuangalia saa, na akichelewa kidogo hupiga simu kuomba lifti. Sasa treni hupita kila nusu saa, mchana na jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, na kwa dakika zilezile za kila saa kiasi kwamba sihitaji tena kufungua ratiba kwenye simu. Asubuhi na jioni za siku za kazi kuna treni nne kwa saa kila upande, mbili kati yake zikiwa za kawaida zinazosimama kwetu. Mwishoni mwa wiki, wakati ambapo zamani ningechukua gari bila kufikiri mara mbili, sasa kwenda kula chakula Redwood City au kumsalimia mtu Sunnyvale ni jambo la kuamua pale pale.

Takwimu zinaonyesha kwamba sikuwa peke yangu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025 abiria waliongezeka kwa asilimia 47, na mwezi huo wa Juni safari zilivuka milioni moja kwa mara ya kwanza tangu janga la UVIKO-19. Ongezeko la mwishoni mwa wiki lilikuwa kubwa kuliko la siku za kazi. Kwa eneo ambalo wafanyakazi wengi wa teknolojia bado hufanya kazi nyumbani siku kadhaa za juma, hilo ni jambo la kuzingatia.

Ndani ya treni kuna soketi za umeme, intaneti ya bure inayotosha kwa barua pepe, na skrini zinazotaja stesheni inayofuata. Mabehewa mawili yametengwa kwa ajili ya baiskeli, jumla yake 72 kwa treni nzima, na kwa kweli hujaa. Choo ni kimoja tu kwa mabehewa yote saba; mwenye watoto wadogo ajipange mapema. Jambo ambalo sikulitegemea katika mradi wa thamani hii ni kwamba majukwaa hayakuinuliwa. Abiria bado anapanda ngazi kuingia, na anayetumia kiti cha magurudumu hana budi kusaidiwa na kondakta, jambo linalokula dakika ambazo umeme umeziokoa. Aliyepanda SGR anajua raha ya kuvuta sanduku lake moja kwa moja kutoka jukwaani hadi ndani.

Upande wa kusini umeme unaishia Tamien. Anayeendelea hadi Morgan Hill au Gilroy hubadilisha San Jose na kupanda treni ya dizeli, tena chache kwa siku, kwa sababu kusini mwa Tamien reli ni mali ya kampuni ya mizigo ya Union Pacific na haina nyaya. Treni moja ya majaribio yenye betri imeagizwa kwa ajili ya sehemu hiyo. Upande wa kaskazini nako kuna kasoro: treni huishia kwenye kona ya barabara za Fourth na King, mbali na ofisi nyingi za katikati ya jiji. Jengo kubwa la Salesforce Transit Center, lililofunguliwa mwaka 2018, lina ukumbi wa treni uliojengwa chini yake na ambao hadi leo hauna hata reli moja. Handaki la kuufikia lina urefu wa takriban kilomita mbili na makadirio yake yamevuka dola bilioni nane, zaidi ya mara tatu ya gharama ya kuweka umeme njia nzima. Kwa sasa tunashuka na kupanda tramu au kutembea.

Kuhusu nauli, huhesabiwa kwa kanda sita, na ukilipa kwa Clipper, kadi ya nauli ya eneo hili, ni lazima uiguse kwenye mashine kabla ya kupanda na uiguse tena baada ya kushuka. Ukisahau ya pili utakatwa nauli ya mbali zaidi. Si treni ya bei nafuu. Wengi ninaokaa nao behewa moja hulipiwa na waajiri wao, na anayelipa mwenyewe kwa kipato kidogo anashauriwa kuomba Clipper START, ambayo hupunguza nauli kwa nusu. Msafiri anayetoka uwanja wa ndege wa San Francisco abadilishie Millbrae, ambako treni za BART (mtandao mwingine wa reli wa eneo hili, unaofika uwanjani hapo) na Caltrain zinatumia jengo moja.

Kinachonitia wasiwasi ni fedha za kuendeshea. Kabla ya janga, nauli zilibeba sehemu kubwa ya gharama, na abiria, pamoja na ongezeko lote nililolitaja, hawajarudi katika idadi ya wakati ule. Mwaka 2020 wapiga kura wa kaunti hizo tatu waliidhinisha kodi ya mauzo ya moja ya nane ya senti kwa kila dola, nayo haitoshi. Umeme wenyewe husaidia kidogo, kwa kuwa karibu robo ya unaotumiwa na treni hurudishwa kwenye nyaya wakati wa kufunga breki, lakini mishahara na matengenezo havilipwi kwa breki. Mwaka 2025 jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu kodi mpya ya usafiri ya eneo hili ipelekwe kwa wapiga kura Novemba 2026. Bila fedha hizo, miongoni mwa hatua zilizotajwa ni kufuta treni za mwishoni mwa wiki na kurudi kwenye treni moja kwa saa. Wa stesheni kubwa wataumia, ila bado watabakiwa na mabasi, na baadhi yao BART; sisi wa Hayward Park tutarudi kuomba lifti.