Watch Duty: inakuonyesha moto ulipo, si rafiki yako alipo

Rafiki yako wa California akiambiwa ahame sasa hivi, programu ya kwanza ya kufungua ni Watch Duty, nayo ni ya bure. Ila ujue mapema kwamba maswali yako ni mawili na yenyewe inajibu moja. Itakuambia moto uko wapi na mitaa gani imeamriwa kuondoka. Rafiki yako yuko wapi, haijui. Fujo nyingi za makundi ya WhatsApp usiku wa moto zinatokana na watu kuyachanganya maswali hayo mawili, kwa hiyo tathmini hii inaigusa programu yenyewe na pia kile ambacho kundi linapaswa kukifanya pale programu inapoishia.

Watch Duty ilianza Agosti 2021 katika Kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa California. Mwanzilishi wake, John Mills, aliiunda kama shirika lisilo la faida. Kinachoitofautisha na ramani nyingine ni watu: wazima moto wa sasa na wastaafu, waliokuwa wapokea simu za dharura, na wasikilizaji wa redio za zima moto, wengi wao wakijitolea. Wanasikiliza mawasiliano ya redio saa 24, wanalinganisha na kamera za milimani na taarifa za kaunti, kisha wanaandika mistari miwili mitatu yenye saa juu yake. Ndiyo maana mara nyingi habari hutokea hapo kabla ya tovuti za serikali. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa ikiungua, ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya programu za bure za Apple.

Haikuombi jina, barua pepe wala namba ya simu. Unapakua, unachagua jimbo, unachagua kaunti, unaruhusu arifa, basi. Toleo la tovuti liko app.watchduty.org, linalofaa zaidi kwa mwenye kompyuta na skrini pana.

Kosa la kwanza la watumiaji wapya liko hapo kwenye kaunti. Watu huchagua kaunti wanayoishi wao, wakati rafiki yuko ya jirani. Mwingine huandika jina la mji akadhani limetosha, kumbe arifa zinafuata kaunti. Altadena, kwa mfano, si jiji lenye meya wake. Ni eneo lililo chini ya Kaunti ya Los Angeles moja kwa moja. Chagua kaunti ya rafiki na zote zinazopakana nayo upande unakotoka upepo.

Ukishaingia kwenye ramani, anza na kanda za kuhama. California imegawanywa katika kanda zenye herufi na namba, na sehemu kubwa ya kaunti zinatumia mfumo wa Genasys Protect. Kanda nyekundu ni amri: ondoka sasa, na sheria inafunga eneo hilo lisiingiliwe. Ya njano ni onyo: jiandae, na mwenye mzee, mtoto mchanga, mgonjwa au mifugo aondoke bila kungoja. Mtafute rafiki kwa anwani yake kamili, usitumie jina la mtaa, halafu nakili namba ya kanda yake uibandike juu ya kundi. Kuanzia hapo hakuna tena haja ya mtu kuuliza "kwani anakaa karibu na moto?" Kila mwenye simu anaweza kuangalia namba moja ileile.

Ukihamia jimbo jingine, lugha hubadilika. Oregon wanahesabu viwango vitatu, cha tatu kikimaanisha nenda. Mtu aliyezoea California anaweza kusikia "kiwango cha pili" akadhani bado kuna nafasi ya kupika chakula cha jioni.

Sasa, namna ya kuisoma. Kila moto una ukurasa wenye jina, ukubwa kwa ekari, na asilimia ya udhibiti. Asilimia hii huwapotosha watu kuliko kitu kingine chochote kwenye programu. Udhibiti wa 30% hauna maana kwamba 30% ya moto imezimika. Maana yake ni kwamba 30% ya mzunguko wa moto umezibwa kwa mstari ambao wazima moto wanaamini utashika. Asilimia sifuri haimaanishi hakuna kinachofanyika. Siku ya kwanza kazi yote huwa ni kuokoa watu. Ekari nazo zinatisha kuliko inavyofaa, au kidogo kuliko inavyofaa. Moto wa Eaton, ule ulioingia Altadena Januari 2025, ulifika ekari kama 14,000, yaani kilomita za mraba 57 hivi. Kwa nyika ya California huo si moto mkubwa, lakini uliteremkia kwenye nyumba za watu.

Kisha kuna vidoto vya setilaiti, na hapa ndipo hofu ya bure huzaliwa. Setilaiti zenye kifaa cha VIIRS husoma joto katika mraba wa mita 375 kwa 375, na za MODIS mraba wa kilomita nzima. Kidoto huwekwa katikati ya mraba huo. Kikiangukia juu ya paa la rafiki yako, moto unaweza kuwa mita mia mbili kutoka hapo, au ukawa ni moshi wenye joto kali uliopita juu. Tena setilaiti hizo hupita mara chache kwa siku, hivyo kidoto kinaweza kuwa cha saa kadhaa zilizopita. Kibonyeze, soma saa, ndipo useme. Kidoto kisicho na saa kisitumwe kwenye kundi hata kidogo.

Chenye thamani zaidi ya vidoto ni upepo. Washa tabaka la upepo, tazama mshale unaelekea wapi, kisha ujue kwamba cheche huruka zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe kukiwa na upepo mkali. Mpaka wa moto kwenye ramani ukiwa mbali lakini mshale unamwelekea rafiki, huyo hayuko mbali na moto.

Udhaifu mkubwa wa Watch Duty hautokani na uzembe wao. Programu inapaka rangi amri iliyotolewa na kaunti. Yenyewe haina mamlaka ya kumhamisha mtu. Amri ikichelewa, ramani hukaa nyeupe. Moto wa Eaton ulianza tarehe 7 Januari 2025, saa kumi na mbili na dakika 18 jioni kwa saa za huko. Magharibi mwa Altadena, amri ya kuhama ilitoka saa tisa na dakika 25 usiku, saa tisa nzima baadaye, na karibu vifo vyote vya moto ule vilitokea upande huo. Siku mbili baada ya moto kuanza, kaunti ikakosea kinyume chake: tahadhari iliyokusudiwa wakazi wachache karibu na moto mwingine, wa Kenneth, ililia kwenye simu za watu wapatao milioni 10. Kwa hiyo kanda isiyo na rangi isitangazwe kwenye kundi kwamba ni salama, na mlio mmoja wa simu nao uthibitishwe kwenye ramani kabla ya kupiga yowe.

Kasoro ya pili inawahusu Waswahili hasa. Taarifa za waandishi wao zinakuja kwa Kiingereza cha redio, kilichojaa vifupisho. Tahadhari za serikali zinazolia kwenye simu huja kwa Kiingereza au Kihispania. Bibi aliyefika San Diego au Boise kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anapata mlio mkali na maandishi asiyoyasoma. Hapa kundi lina kazi ya kweli: mtu mmoja atafsiri kila badiliko la kanda kwa sentensi moja, na kwa mzee asiyesoma arekodi sauti. "Mama, kanda yako imekuwa nyekundu. Toka sasa, pitia barabara ya kusini, usirudi kuchukua kitu." Sekunde kumi zinatosha. Akilazimika kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, aseme neno "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani wa simu.

Tuje kwa swali la pili, la rafiki mwenyewe.

Watu arobaini wakimpigia mtu anayehama, wanammalizia chaji. Kila mlio unawasha skrini, na kila simu inazuia ile ya mtu aliye kilomita mbili kutoka kwake mwenye gari. Kundi lichague msemaji mmoja wa kuwasiliana naye na mmoja wa akiba, wengine wote wasome tu. Msemaji atume SMS ya kawaida, maana SMS husubiri na kujaribu tena mtandao ukirudi, ilhali simu ya sauti hukatika palepale. Aulize swali linalojibika kwa neno moja: "Umetoka? Jibu NDIYO au BADO." Asiulize "vipi hali?", kwa sababu mtu anayeendesha gari ndani ya moshi hawezi kuandika hali.

Tiki za WhatsApp zinasema mengi bila kumsumbua. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake: imezimika, au mnara umeelemewa, au umeme umekatwa. Tiki mbili, hata kama hajajibu, ujumbe umefika kwenye simu yake au kwenye kifaa alichokiunganisha nayo. Simu ikiingia moja kwa moja kwenye ujumbe wa sauti bila kuita, ni hali ileile ya tiki moja. Tiki moja usiku wa moto ni jambo la kawaida. Kwenye moto wa Paradise, California, mwaka 2018 na wa Lahaina, Hawaii, mwaka 2023, mawasiliano ya simu yalianguka wakati watu walikuwa bado barabarani.

Mahali mubashara (live location) pa WhatsApp huchaguliwa kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Achague saa 8, awashe kabla hajatoka mlangoni, ampe msemaji peke yake. Alama ikiganda, soma ilisasishwa lini kabla ya kudhani gari limesimama. Mwenye iPhone 14 au mpya zaidi, yenye iOS 18, anaweza akiwa Marekani kutuma ujumbe kwa setilaiti pasipo mnara wowote, ila asimame nje mbingu ikionekana na aielekeze simu inavyomwonyesha. Ajifunze kabla, ndani ya moshi si mahali pa kujifunzia.

Kwa barabara na foleni, usiitegemee Watch Duty peke yake. Pacific Palisades, mtaa wa Los Angeles ulioungua Januari hiyohiyo ya 2025, watu waliacha magari barabarani wakakimbia kwa miguu, na buldoza likaja kuyasukuma kando ili magari ya zima moto yapite. Kwa barabara zilizofungwa, fungua QuickMap ya Caltrans, idara ya barabara ya California, sambamba nayo. Msemaji ndiye aitazame, dereva asiishike simu.

Suala la saa linaonekana dogo mpaka likoroge kundi zima. Los Angeles iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 11 wakati wa baridi na saa 10 wakati wa kiangazi chao. Ongeza hesabu yetu ya Kiswahili: aliyeko Mombasa akiandika "saa nne" ana maana ya kumi ya Kimarekani, na mtoto aliyekulia Sacramento anaisoma nne. Amri ya Altadena ya saa tisa na dakika 25 usiku ilikuwa saa nane na dakika 25 mchana Afrika Mashariki. Kundi likubaliane kuandika kwa saa za huko, kwa mtindo wa 03:25, na liseme hivyo kwenye maelezo ya kundi.

Akiwa kimya bado, usikimbilie kumtangaza kwamba amepotea. Baada ya moto wa Paradise, orodha ya wasiojulikana walipo ilipita majina 1,000; waliokufa walikuwa 85. Wengi wa waliobaki walikuwa hai kwenye makambi au kwa ndugu, hawajui kwamba wanatafutwa, na wengine waliandikwa mara mbili kwa tahajia tofauti. Majina yetu yanaumia sana hapo. Mtu anaitwa jina moja msikitini au kanisani, jingine kwenye pasipoti, la tatu kwenye leseni. Aripoti mtu mmoja tu, kwa jina la leseni, tarehe ya kuzaliwa, namba ya gari na mahali alipoonekana mwisho, na huyohuyo ndiye arudi kulifuta akipatikana. Ofisi ya sherifu wa kaunti ndiyo inayopokea. Aliye nje ya Marekani hawezi kuifikia kwa 911. Atafute namba yao ya kawaida ya tarakimu kumi, atangulize +1. Msalaba Mwekundu wa Marekani hupokea maombi ya kuwatafuta ndugu kwa 1-800-733-2767.

Kuhusu malipo: mwaka 2025 uanachama ulikuwa takriban dola 25 kwa mwaka, nao unaongeza, miongoni mwa mambo mengine, kufuatilia ndege za kuzima moto. Kwa mtu anayemhofia rafiki, hilo halina kazi. Kuiona ndege ikizunguka hakukuambii kama mtaa wake umepona. Lipa kama unataka kuwachangia tu, na wanastahili.

Nje ya Marekani, Toronto ama Arusha, tumia ramani ya FIRMS ya NASA. Ni vidoto vilevile vya setilaiti, bila waandishi wa kukufafanulia. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulionekana huko. Ukiizoea Watch Duty utaiona FIRMS ni bubu.

Amri ikiondolewa, kanda hupoteza rangi kwenye ramani, lakini ngoja tangazo la kaunti lenyewe kabla ya kumwambia rafiki arudi. Nyaya na mabomba ya gesi hukaguliwa kwanza. Arudi na barakoa ya N95 na glavu, asinywe maji ya bomba hadi kampuni ya maji itangaze kuwa ni salama. Nawe ufute zile kaunti za jirani kwenye arifa zako. Kuanzia Julai hadi Oktoba zitalia kila alasiri kwa moto wa ekari mbili uliozimwa ndani ya nusu saa, na mtu akishazoea kupuuza mlio, ataupuuza hata ule wa kanda ya rafiki yake.