"Mama, si utembee tu?": niliyoyakuta kliniki ya fizio

Tukio lenyewe lina miezi kadhaa sasa, na bado nikilikumbuka napandwa na hasira. Kwa hiyo mnisome mkijua hivyo.

Mimi nakimbia kwa mapenzi tu, umri wangu ni wa kuitwa mama na kila kondakta. Alfajiri naanzia Coco Beach, nakatiza Daraja la Tanzanite, nageuza. Kipindi kile nilikuwa najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na waliokwenda Moshi wanaujua ule mlima wa kuelekea Mweka, vigimbi vinavyowaka moto. Nikaongeza umbali harakaharaka, nikaongeza na vilima, kisigino cha kushoto kikagoma.

Wenye ugonjwa huu hawahitaji kusimuliwa. Unaamka, unashusha mguu sakafuni, kama umekanyaga msumari. Ukizungukazunguka kidogo panapoa, unajidanganya umepona, unakwenda kukimbia. Jioni unapanda ngazi umeshika ukuta. Nilisugua mafuta ya karafuu, nikakandwa na shangazi, nikavilaumu viatu vyangu vya mtumba vya Karume (navyo vilikuwa na lao, soli ilishalala upande mmoja).

Basi nikaelekezwa kliniki moja ya fizio, yaani tiba ya viungo, hapa mjini. Kiyoyozi kipo, maji ya kunywa yapo. Nilikaa kwenye benchi saa mbili na ushee. Nilipoingia, mtaalamu hakuniuliza nakimbia kiasi gani kwa wiki. Kisigino hakukigusa. Alinisimamisha, akatupia jicho nyayo zangu, akasema, "Nyayo zako bapa." Halafu, macho yakiwa kwenye simu: "Mama, kwa umri huu si utembee tu? Mbio waachie vijana."

Waachie vijana! Yeye mwenyewe kuinuka kwenye kiti alikuwa anahema. Haya, hapo natia chumvi. Ila kuhusu simu sitii chumvi, aliishika mwanzo mpaka mwisho.

Nikatoka na soli za ndani za shilingi 180,000, taslimu, bima haizigusi. Najua kuna watu zimewafaa. Mimi zilinipa malengelenge chini ya upinde wa mguu, na msumari wangu wa asubuhi ukabaki palepale. Nikazirudisha. Dada wa mapokezi akanisogezea risiti bila kuniangalia, kidole juu ya maandishi: bidhaa ikishatoka hairudi. Sikununua sufuria mimi!

Nadhani nilipaza sauti. Naam, nilipaza, watu waligeuka.

Ndipo akatokea kijana mmoja, yuko hapo kwa mafunzo ya vitendo. "Shikamoo mama. Hebu kaa, nionyeshe panapouma." Akabonyeza kwa dole gumba, upande wa ndani wa kisigino. Niliruka! Akanieleza taratibu kwamba kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, nami nimeutwisha mzigo kabla haujazoea. Dawa ni kuujenga nguvu. Simama ukingoni mwa ngazi, taulo lililokunjwa liwe chini ya vidole, inuka kwa kuhesabu tatu, tulia mbili, shuka tatu. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Ikizoeleka, beba begi mgongoni lenye vitabu. Mimi nilitia mchele kilo tano. Akanikataza pia kutembea peku kwenye vigae vya nyumbani. Hakunitoza hata senti, na neno umri halikumtoka mdomoni.

Haikuwa muujiza. Moshi sikwenda, namba yangu alikimbilia mtu mwingine, nikalia kidogo. Ilichukua kama miezi mitatu hivi. Sasa naamka nakanyaga vigae (na ndala, mwanangu, usinigombeze) bila kuguna, na juzi nimemaliza kilomita 10.

Kwa hiyo kliniki naipa nyota moja. Au niseme tatu, maana kusema kweli niliponea palepale. Hapana, nimeikumbuka ile simu. Moja.

Ila kama kisigino kinakutesa, nenda, lakini nenda Jumanne au Alhamisi, ndizo siku za yule kijana, na ukatae kuingia chumba cha kwanza. Jina lake silitaji, wasije wakamhamisha.